Kesho Yao Ilikuwa Jana Yetu

Msiniambie tena kwamba H. G. Wells alikuwa nabii.

Nimeisikia sifa hiyo darasani, nimeikuta magazetini, nimeitazama kwenye filamu za historia usiku wa manane. Maneno ni yaleyale: mwaka 1903 Wells aliandika hadithi ya mitambo ya chuma inayotambaa juu ya mahandaki, na mwaka 1916 vifaru vikaingia vitani; mwaka 1908 akaandika riwaya ya vyombo vya angani vinavyobomoa miji, na miji ikabomolewa; mwaka 1914 akalitaja bomu la atomiki kwa jina, na mwaka 1945 Hiroshima ikateketea. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa mshangao. Mimi kichwa changu nimekikataza.

Sina ugomvi na kipaji cha Wells. Alikuwa mwandishi hodari, tena mwenye dhamiri. Ugomvi wangu ni na neno hilo, nabii. Nabii huonyeshwa yasiyokuwapo bado. Waandishi wa Ulaya na Marekani waliobuni vita vya kesho kati ya mwaka 1871 na 1914 waliandika mambo yaliyokwisha kuwapo: mtambo unaofyeka watu toka mbali huku anayeuendesha hapati hata mkwaruzo; mji unaovunjwa na adui ambaye uso wake hauonekani; taifa linaloamka asubuhi na kuambiwa kuwa nchi si yake tena. Yalikuwapo. Yalikuwa yakitupata sisi, na Wahindi, na Wasudani, na wenyeji wa Tasmania. Walichobuni waandishi wale ni kitu kimoja: kwamba yangeweza kuwapata wao pia. Anayeliita jambo hilo unabii anakubali, pengine bila kujua, kwamba mateso yetu hayakuwa historia ya dunia mpaka yalipobisha hodi London.

Mtazameni mwanzilishi wa aina hii ya hadithi. Mei 1871, jarida la Blackwood's la Edinburgh lilichapisha The Battle of Dorking bila jina la mwandishi. Mzee anawasimulia wajukuu wake jinsi Uingereza ilivyovamiwa na kushindwa miaka hamsini nyuma: manowari zake zimezamishwa, askari wa kujitolea wametawanywa karibu na mji mdogo wa Dorking, makoloni yamekwenda, biashara imekufa. Hadithi hiyo iliuzwa kama njugu, ikaitia nchi wasiwasi hata Waziri Mkuu Gladstone akalazimika kuwaonya watu hadharani mwezi Septemba waache kujitisha. Na mwandishi alikuwa nani? George Chesney, mhandisi wa jeshi la Bengal, aliyejeruhiwa mwaka 1857 Waingereza walipouzingira mji wa Delhi. Baada ya Delhi kuanguka, wakazi wake walifukuzwa majumbani, na mfalme wao mzee, Bahadur Shah Zafar, akapelekwa kufia uhamishoni Rangoon. Chesney alijua mji mkuu unachukuliwaje. Alikuwa miongoni mwa waliouchukua. Kisha akarudi kwao, akaketi mezani, akaandika jinamizi la nchi yake kuchukuliwa. Mshika mpini aliota siku moja kwamba ameshika makali. Ndoto hiyo ikaitwa fasihi ya vita vya baadaye, na ndani ya miaka arobaini waigaji wake wakajaza maktaba.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zilizotia nanga mbele ya Mji Mkongwe, Unguja, zililifyatulia mizinga jumba la Sultani. Kosa la Khalid bin Barghash lilikuwa kukalia kiti cha enzi siku mbili kabla bila idhini ya Waingereza. Jengo lile lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa, na ndani mlikuwa na walinzi, watumishi na watumwa. Haikufika saa moja, kazi ikawa imekwisha. Watu wapatao 500 upande wa Unguja waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama papo hapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka.

Aprili mwaka uliofuata, jarida la Pearson's la London lilianza kuchapisha The War of the Worlds kwa mfululizo. Wageni kutoka sayari ya Mars wanatua Uingereza. Wana miale ya joto inayounguza watu toka mbali, wana moshi mweusi wa sumu, na mizinga ya dola kubwa kuliko zote duniani inaonekana kama fimbo za watoto. London inakimbia. Sidai kwamba Wells aliandika akiiwaza Forodhani, ufuo ule wa Mji Mkongwe. Nadai kwamba mtu wa Forodhani angeisoma hadithi ile bila kuhitaji kuambiwa afikirie. Mlio kutoka baharini, ukuta unaanguka, na aliyepiga amesimama ng'ambo ya maji akitazama saa yake: hayo yalikuwa maisha, na walioyaona kwa macho walikuwa bado wanazika.

Na hapa nampa Wells haki yake kamili: yeye hakuficha. Katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha wasomaji wake kwamba Wazungu waliwafuta watu wa Tasmania kwa muda wa miaka hamsini, na anawauliza kama wana uso wa kuwalaumu Wamars. Alijua anachofanya. Aliigeuza bunduki na kumwelekezea mwenye nayo. Wasimuliaji wa leo ndio walioitupa Tasmania na kubaki na miale ya joto, kwa sababu miale huuza tiketi.

Tulikuwa na waandishi wetu wakati huo, tusisahau. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima katika mwaka 1307 wa Hijria, yaani karibu na mwaka 1890. Hesabu miaka. Paris, mchoraji Albert Robida alikuwa ametoka kuchapisha, mwaka 1887, albamu ya michoro ya vita vya karne ya ishirini, yenye gesi za sumu, nyambizi na ngome zinazotembea. Robida alihitaji karne nyingine ili aione mitambo ikishuka juu ya watu. Hemedi hakuhitaji. Mizinga ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa imekwisha kunguruma Mrima, Abushiri aliyewapinga amekwisha kunyongwa Pangani, na mshairi aliandika habari, kwa wakati uliopita. Utenzi wake ni kitabu cha vita vya mitambo kama vile vya Wells. Lakini nani anaufundisha hivyo? Tunaupeleka kwenye somo la tenzi, tunahesabu mizani na vina, kisha tunawafungulia wanafunzi riwaya za Wells kwenye somo la mambo yajayo.

Na huyo Robida ana jambo jingine ambalo halinitoki kichwani. Mwaka 1883, kabla ya albamu, alichapisha katika gazeti la La Caricature vita vya kubuni vya mwaka 1975. Akachagua nchi mbili za kupigana ambazo msomaji wa Paris angeziona ni kichekesho: Australia na Msumbiji. Msumbiji! Kwa Mfaransa wa wakati ule, Msumbiji ilikuwa jina la mbali la kuchekea. Mwaka 1975 ulipofika kweli, tarehe 25 Juni, Msumbiji ilipata uhuru, baada ya vita vya miaka kumi dhidi ya Mreno aliyekuwa na ndege na mabomu ya napalm. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wamefunzwa Kongwa na Nachingwea. Risasi na chakula vilivuka Mto Ruvuma na kupenya misitu ya Cabo Delgado vichwani mwa watu, wengi wao wanawake. Katika kalamu zote zilizobuni vita, ni ipi iliyomchora mwanamke wa Kimakonde na sanduku la risasi kichwani, akitembea usiku ili ndege zisimwone? Huyo ndiye aliyemshinda mwenye ndege, na hakuna mtambo wa Robida uliofanana naye.

Silaha iliyobadilisha vita vya dunia kabla ya zote hizo zilizobuniwa ilikuwa rashasha ya Hiram Maxim, Mmarekani aliyeiunda London katika miaka ya 1880. Moja kati ya za mwanzo alipewa Henry Morton Stanley kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Stanley aliandikisha mamia ya wapagazi Unguja mwaka 1887, akawazungusha kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, akapita nao msituni, na waliosalia wakafika Bagamoyo Desemba 1889. Kwa hiyo rashasha ya Maxim ilipoingia katikati ya Afrika, iliingia vichwani na mabegani mwa watu waliozungumza lugha hii ninayoandika. Miaka michache baadaye ilirudi, safari hii ikiwa imetuelekea sisi. Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898: Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa kabla ya adhuhuri, na jeshi la Kitchener likapoteza watu wasiofika 50. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905: wapiganaji wa Maji Maji walilifuata boma la Wajerumani, na rashasha mbili zikawalaza uwanjani kwa mamia. Aliyekuwapo Omdurman akiwa askari kijana wa wapanda farasi, Winston Churchill, ndiye baadaye aliyesukuma utengenezaji wa vifaru, na alikiri kwamba hadithi ya Wells ilikuwa imelitangulia wazo hilo. Mnaona njia ilivyopita. Inaanzia mbugani kwetu, inapita mezani kwa mwandishi, inaishia kiwandani. Anayeanza kuisimulia kutoka mezani kwa mwandishi amekata kichwa cha habari.

Hofu ya kuvamiwa ilikuwa pia biashara, na biashara yake ilikuwa chafu. Mwaka 1906, gazeti la Daily Mail lilichapisha kwa mfululizo The Invasion of 1910 ya William Le Queux, riwaya ya Wajerumani kuivamia Uingereza. Lord Roberts, aliyekuwa mkuu wa majeshi, alimsaidia mwandishi kupanga njia ya uvamizi. Mwenye gazeti akaipanga upya: jeshi la adui lipite kwenye miji ambayo gazeti linaweza kuuzwa kwa wingi. Watu walivalishwa sare za Kijerumani na kutembezwa barabarani London wakitangaza sura mpya. Miaka mitatu baadaye Le Queux akatoa kitabu cha majasusi wa Kaiser, wasomaji wakaanza kuona majasusi katika kila mhudumu wa hoteli mwenye lafudhi, na mwaka huohuo wa 1909 serikali ikaanzisha idara ya siri iliyozaa mashirika ya ujasusi ya Uingereza ya leo. Mtu akimwaga mafuta sakafuni kila siku kwa miaka arobaini, kisha nyumba ikaungua, majirani hawamwiti mtabiri wa moto. Humshika mkono na kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Lakini hadithi iliyonikosesha usingizi si ya Le Queux. Ni ya Jack London, Mmarekani yule ambaye vitabu vyake vya mbwa na theluji wengi tumevisoma. Julai 1910 alichapisha katika jarida la McClure's hadithi fupi iitwayo The Unparalleled Invasion. Ni mwaka 1976. Wachina wamekuwa wengi mno, na mataifa ya magharibi yanaona kinyaa na hofu. Yanaungana. Yanarusha ndege juu ya China na kudondosha mirija ya kioo yenye vijidudu vya kila maradhi. Wanaokimbia wanauawa mipakani. Taifa zima linakufa, nchi inasafishwa, na walowezi wapya wanahamia. Kisha, na hapa nisomeni taratibu, mataifa hayo yanakutana Copenhagen na kula kiapo kwamba hayatatumia kamwe silaha hiyo yenyewe kwa yenyewe.

Msiseme alibuni. Alinakili. Mwaka 1899, mataifa makubwa yalikutana The Hague na kupiga marufuku risasi zinazotanuka ndani ya mwili, zile zilizopewa jina la kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta. Marufuku ile ilifunga nchi zilizotia saini tu, tena pale zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Uingereza ilikataa hata hiyo hadi mwaka 1907. Mjumbe wake, Jenerali Ardagh, alieleza mkutanoni kwamba mshenzi, hata akipigwa risasi ya kawaida, huendelea kukimbilia mbele, kwa hiyo anahitaji risasi ya namna yake. Huyo mshenzi ni babu wa mtu anayesoma ukurasa huu. Sheria ya vita iliandikwa na kumwacha nje kwa makusudi, na hadithi ya Jack London iliichukua sheria hiyo ikaipeleka hadi mwisho wake.

Mwisho wake tuliuona angani. Katika The War in the Air ya mwaka 1908, Wells aliuweka moto wa kwanza mkubwa juu ya New York. Historia haikuanzia New York. Tarehe 1 Novemba 1911, rubani Mwitalia Giulio Gavotti aliruka na mabomu manne madogo, kila moja la kilo mbili hivi, akayatupa kwa mkono juu ya kambi za Ain Zara na Tajura karibu na Tripoli. Ndege ya kwanza kabisa kudondosha bomu vitani ililidondosha Afrika. Mwaka 1920, ndege 12 za Uingereza zilivunja katika wiki chache nguvu za Sayyid Mohamed Abdullah Hassan wa Somalia, aliyewashinda kwa miaka ishirini ardhini, na wakubwa wa kikosi cha anga wakautumia ushindi huo kuonyesha kwamba kutawala kwa mabomu ni rahisi na nafuu. Mwaka 1935 na 1936, ndege za Italia ziliwamwagia Waethiopia gesi ya haradali, ingawa Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa kuikataza. Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 akawaeleza wakubwa wa dunia jambo hilo kwa kinywa chake, na waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi ukumbini.

Turudi kwenye kifaru, mfano unaopendwa kuliko yote. Tarehe 15 Septemba 1916, vifaru vya kwanza viliingia vitani huko Somme, Ufaransa. Wells alifurahi, Ulaya ikasema alisema. Je, mwezi huohuo kwetu kulikuwa na nini? Tarehe 4 Septemba Waingereza waliingia Dar es Salaam. Tarehe 19 Septemba jeshi la Kongo ya Wabelgiji likaitwaa Tabora. Na yote hayo yalibebwa kichwani. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa nagana. Masika yakameza malori. Mizinga ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye miti ya kubebea. Fanyeni hesabu ambayo hakuna riwaya ya vita vya kesho iliyoifanya. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Siku kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, amekula kilo 24, na askari amebakiwa na kilo moja tu. Kwa hiyo ukitaka kumlisha askari mmoja mbali na reli, unahitaji wapagazi, na wapagazi wa kuwalisha wapagazi hao, na wengine nyuma yao. Waingereza waliandikisha watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Wengi walikamatwa tu mashambani na masokoni. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na muda usiotosha kuupika, wakaharisha damu, wakapata malaria na nimonia milimani bila blanketi. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao, makadirio mengi yanakaribia 100,000. Hawakufa kwa miale wala kwa vifaru. Walikufa kwa mzigo.

Mahali walipopiga kambi pakaitwa kwa jina la kikosi chao, Carrier Corps, likalainishwa na ndimi zetu: Kariakoo. Liko Dar es Salaam, na Nairobi huandikwa Kariokor. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya jina hilo.

Rudyard Kipling aliandika maneno ya sanamu za kumbukumbu ya vita hivyo, ikiwamo ile ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni Kipling huyohuyo aliyekuwa amechapisha, mwaka 1905 na 1912, hadithi mbili za dunia ya mwaka 2000 na zaidi inayotawaliwa na meli za angani. Aliwataja wapagazi katika maandishi yale ya Dar es Salaam, namshukuru kwa hilo. Lakini tazama juu: kwenye jiwe amesimama askari mmoja na bayoneti yake. Mpagazi yuko chini.

Na bomu la atomiki? Hilo ndilo wanalolitoa mwisho wakidhani litaninyamazisha. Ni kweli kwamba Leo Szilard, mwanafizikia wa Hungary, alisoma The World Set Free mwaka 1932, na Septemba 1933, akiwa London, akapata wazo la mnyororo wa kupasuka kwa atomu. Ni kweli kwamba Wells alilitaja bomu hilo kabla ya mtu mwingine. Katika riwaya yake kuna elementi ya kubuni aliyoiita Carolinum, na hadithi inawafuata wanasayansi, wanajeshi na wafalme. Bomu la kweli halikutengenezwa kwa Carolinum. Barua ambayo Szilard aliiandaa na Albert Einstein kuitia saini, ya tarehe 2 Agosti 1939, inamwambia Rais Roosevelt waziwazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Walimaanisha Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, ambako mawe yalikuwa na urani nyingi kupindukia. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na zaidi ya tani 1,000 za madini hayo kwenye ghala Staten Island, New York, jeshi la Marekani lilipokuja kubisha hodi mwaka 1942, na mengine yakaendelea kuchimbwa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka huko. Madini hayo yalichimbwa na kuchambuliwa na Wakongo, kwa mikono, katika migodi ambako lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili cha Katanga.

Kiswahili! Neno la kwanza kusemwa juu ya mawe yaliyoiteketeza Hiroshima huenda lilikuwa "leta" au "beba", kwa lugha yetu, na hatuna riwaya hata moja maarufu inayoanzia hapo. Tumewaachia wengine mwanzo na mwisho, tukabaki kupiga makofi katikati.

Nasema haya kwa sauti kali kwa sababu mchezo uleule unarudiwa sasa, mbele ya macho yetu. Filamu na riwaya mpya za vita vya kesho zimejaa droni zinazochagua zenyewe wa kumuua na mashine zinazofikiri. Wakosoaji wanauliza kama waandishi hawa ni manabii. Ndege zisizo na rubani zimekwisha kuua Ethiopia, Sudan na mashariki mwa Kongo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Mgodi wa koltani wa Rubaya, Kivu Kaskazini, ulitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, na wanaoteremka mashimoni wanaulizana bei kwa Kiswahili. Madini hayo yanaingia kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye silaha. Cabo Delgado, jimbo lile la mwanamke na sanduku la risasi, liko vitani tena tangu mwaka 2017, na wakimbizi wake wamevuka Ruvuma kuja upande wa Mtwara.

Najua wako vijana wanaoandika riwaya za aina hii kwa Kiswahili, Goma, Lubumbashi, Mtwara, Mombasa. Wengine hunitumia miswada. Nyingi zinaanzia kwenye chumba cha taa za buluu, mbele ya kioo cha kompyuta, mji wenye jina la Kiingereza, na droni ikiruka kwa kasi ya ajabu. Kasi hiyo naipita haraka. Nakwenda kutafuta ukurasa ambao mtu amesimama ukingoni mwa shimo, gunia liko chini mbele yake, na mwenzake anamwambia ainame amtwike.